Blogu ya biashara ndogo: ya kuweka sawa kabla ya makala ya kwanza

Ukipewa kazi ya kufungua blogu kwenye tovuti ya biashara ndogo, weka kando rangi na mwonekano, uanze na daftari. Kwa wiki moja, kaa karibu na anayepokea simu za wateja, uandike kila swali kama mteja alivyoliuliza, kwa maneno yake yeye. Ukipata maswali 20, tayari una makala za miezi 10 kwa mwendo wa mbili kwa mwezi. Yakiwa matano tu, tovuti iongezewe ukurasa mmoja wa maswali na majibu, inatosha. Blogu yenye makala tatu ambayo haijaguswa mwaka mzima inamfanya mteja ajiulize kama biashara bado ipo.

Pili, hakikisha jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, limeandikishwa kwa mwenye biashara, na kwamba taarifa za kulipia upya zinafika kwenye barua pepe anayoifungua kila siku. Mara nyingi jina limeandikishwa kwa fundi aliyetengeneza tovuti, naye alishahama zamani. Siku muda wa jina ukiisha, tovuti inazimika pamoja na barua pepe zote zinazotumia jina hilo.

Blogu yenyewe ikae ndani ya tovuti, kwenye anwani ileile ikifuatiwa na /blogu. Ukiifungua kwenye kikoa kidogo, yaani neno blogu likitangulia jina la tovuti, injini za utafutaji zinaweza kuichukulia kama tovuti nyingine, nawe utakuwa na sehemu mbili za kutunza, kusasisha na kuhesabia wageni. Kwa biashara yenye mtu mmoja au wawili wa kuishughulikia, huo ni mzigo usio na faida.

Wengi huanzia kwenye WordPress, programu huria ya kutengenezea tovuti iliyotoka mwaka 2003, na maelezo yafuatayo yanaihusu hiyo ikiwa kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) mliyokodi wenyewe. Ukimaliza kuisakinisha, futa makala na ukurasa wa mfano vinavyokuja nayo, na usiache jina la kuingilia liwe admin, kwa sababu ndilo linalojaribiwa kwanza na programu za kubahatisha nywila. Kisha tengeneza kurasa mbili, Mwanzo na Blogu. Kwenye mipangilio ya usomaji, chagua Mwanzo kuwa ukurasa wa mbele na Blogu kuwa ukurasa wa makala. Huo wa Blogu uache mtupu. Wanaoanza huandika utangulizi mrefu ndani yake, kisha wanashangaa hauonekani popote. WordPress hutumia ukurasa huo kupanga orodha ya makala, na kwa kawaida haionyeshi ulichoandika ndani.

Ukiwa hapohapo kwenye mipangilio ya usomaji, shuka hadi chini kabisa. Kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Mafundi hukiwekea alama wakati wa ujenzi, jambo ambalo ni sawa, kisha wanakisahau. Hili ndilo kosa linalouma kuliko yote, kwa kuwa halionyeshi dalili yoyote: tovuti inafunguka vizuri, makala zinatoka, ila miezi inapita bila mgeni hata mmoja kutoka Google. Njia ya haraka ya kuhakiki ni kufungua anwani ya tovuti ikifuatiwa na /wp-sitemap.xml. Tangu toleo 5.5 la mwaka 2020, WordPress hutengeneza yenyewe faili hiyo, ambayo ni ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zake kwa ajili ya injini za utafutaji. Ukipata kosa la 404, yaani ujumbe kwamba ukurasa haupatikani, kikague kile kisanduku kwanza. Ramani ikifunguka, iwasilishe siku hiyohiyo kwenye Google Search Console, chombo cha Google cha kufuatilia tovuti yako kwenye utafutaji.

Muundo wa viungo, yaani namna anwani za makala zinavyoandikwa, uchague mapema na usiuguse tena. Chagua ule unaotumia jina la makala peke yake. Ukiweka tarehe ndani ya anwani, makala ambayo bado ni sahihi itaonekana imechakaa baada ya miaka miwili. Ukibadilisha muundo wakati makala zimeshasambazwa, viungo vya zamani vinaweza kuvunjika vyote, na itabidi kila kimoja kiwekewe maelekezo ya 301 ya kumpeleka msomaji kwenye anwani mpya. Na kama ukurasa wa mbele unafunguka lakini kila makala inaleta 404, rudi kwenye mipangilio ya viungo ubonyeze kuhifadhi bila kubadilisha kitu. Mara nyingi hapo tatizo linaisha, kwa kuwa sheria za anwani zinaandikwa upya.

Programu-jalizi, yaani programu ndogo za kuiongezea WordPress uwezo, ziwe chache: ya kuhifadhi nakala, ya kuharakisha kurasa, ya fomu ya mawasiliano. Usiweke mbili zinazofanya kazi moja. Mbili za kuharakisha kurasa zikigongana, unaweza kurekebisha makala na msomaji akaendelea kuona ile ya zamani. Nakala ya akiba ikae nje ya seva ya tovuti, na angalau mara moja ujaribu kuirudisha kabla hujaihitaji. Kuhusu maoni ya wasomaji, kama hakuna wa kuyapitia kila siku, yafunge. Kumbuka tu kwamba mpangilio huo unahusu makala mpya, zile zilizokwisha kutoka itabidi uzifunge kando.

Picha zinastahili uangalifu wa pekee, maana wageni wengi watafungua tovuti kwa simu na kwa bando. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kuwa na upana wa pikseli 4000 na uzito wa megabaiti 4. Ipunguze iwe na upana wa pikseli 1200 hadi 1600, uihifadhi kwa JPEG au WebP, ulenge chini ya kilobaiti 200. Ipe faili jina linaloeleza kilichomo badala ya tarakimu za kamera, na ujaze maandishi mbadala kana kwamba unamweleza mtu asiyeona. Google inapendekeza kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, na mara nyingi kitu hicho ni ile picha ya juu.

Sasa makala yenyewe. Tuseme biashara inatengeneza friji, na swali linalojirudia ni "friji inawaka lakini haipoozi". Hicho ndicho kichwa chako: Friji inawaka lakini haipoozi? Angalia mambo haya 4. Kina herufi zisizozidi 60, kwa hiyo kuna uwezekano mdogo wa kukatwa kwenye matokeo ya utafutaji. Anwani iwe friji-haipoozi. Aya ya kwanza itoe jibu palepale: mpira wa mlango uliolegea, vumbi kwenye koili, kirekebisha joto kilichoguswa, au barafu iliyoziba njia ya hewa. Kila kimoja kipe kichwa kidogo na jaribio ambalo mteja analiweza. Kwa mpira, mwambie afungie karatasi mlangoni kisha aivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umelegea mahali hapo. Kwa koili, achomoe waya kwenye umeme kwanza, ndipo apige brashi.

Kisha sema wazi mwisho wa uwezo wake: gesi na kompresa ni kazi ya fundi. Hapo hapo, si chini kabisa ya ukurasa, weka kiungo cha huduma ya matengenezo na namba ya simu inayopiga ikiguswa. Ijaribu kwa simu yako. Namba iliyowekwa kama picha haipigiki wala haikopiki, na mteja mwenye chakula kinachoharibika hana muda wa kuinakili.

Maneno 600 hadi 900 yanatosha kwa makala ya namna hii. Usiyavute ili ifike 2000, na usiogope kuishia 400 kama swali limejibiwa. Andika makala tano ukamilishe ndipo ufungue blogu, ili anayeingia mara ya kwanza akute kitu na wewe uwe na akiba wiki ambayo kazi zimebana. Lebo, yale maneno ya mada yanayobandikwa kwenye makala, ziache kwa sasa. Kila lebo huzaa ukurasa wake, na lebo 30 kwenye makala tano ni kurasa 30 zisizo na kitu. Makundi matatu au manne yanatosha kabisa.

Baada ya miezi mitatu, fungua Search Console uangalie maneno yaliyowaleta watu. Makala iliyoonekana mara nyingi lakini ikabofywa mara chache, soma maneno hayo, kisha uandike upya kichwa kwa lugha hiyohiyo ya watafutaji. Anwani yake iache kama ilivyo.