Kabla hujasaini mkopo wa shamba, hesabu wiki hadi mavuno

Novemba ile nilipopata mkopo wangu wa kwanza wa kilimo, furaha ilinizidi hata karatasi sikuisoma vizuri. Shilingi 600,000. Tulikuwa akina mama watano tunadhaminiana, hakuna kuweka nyumba rehani wala kutafuta hati. Marejesho 30,000 kila Jumatano kwa wiki 24. Riba niliipiga hesabu: nitarudisha 720,000, yaani 120,000 juu. Nikaona inabebeka. Kitu nilichosahau kukihesabu ni tarehe.

Kwetu Songea Vijijini tunapanda mvua zikishika, mwishoni mwa Novemba au Desemba, na mahindi yanakauka Juni. Ukihesabu wiki 24 kuanzia katikati ya Novemba unafika mwanzoni mwa Mei. Deni lote lilitakiwa liishe kabla sijavuna hata hindi moja kavu. Nilikuwa nimekopa kwa ajili ya shamba, na shamba lenyewe lisingelipa hata rejesho moja.

Marejesho ya mwanzo niliyalipa kwa fedha ya mkopo uleule. Ile niliyoitenga kwa mbolea ya kukuzia ikawa inamegwa kila wiki. Mwishoni mwa Januari mahindi yalikuwa yamefika magotini, na majani ya chini yameanza kuwa njano kuanzia ncha, njano inayofuata uti wa jani kama ulimi. Kila mkulima anaijua hiyo, ni njaa ya urea. Siku hiyo nilikuwa na elfu 30 kwenye kitenge, na ilikuwa Jumanne. Zikaenda kwenye marejesho, kwa sababu usipolipa, wenzako wanne wanakulipia, halafu wanakuja kukaa kibarazani kwako mpaka jua linazama. Na wana haki, nao wana watoto.

Machi nikauza magunia manane yakiwa bado ya kijani shambani, kwa bei aliyoitaja mlanguzi. Julai alikuja na lori na magunia ya lumbesa, akajaza mpaka kilemba kikasimama. Nilisimama pembeni nikihesabu debe zangu zinazopanda juu bila malipo. Wenzetu wa Mtwara na Lindi wana jina la biashara ya namna hii kwenye korosho, wanaiita kangomba. Sisi kwenye mahindi hatuna hata jina, tunaumia tu.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniomba ushauri wa mkopo wa kilimo, simuulizi riba kwanza. Namuuliza: rejesho la kwanza ni lini? Mkopo wa marejesho ya wiki unamfaa mwenye genge au mama lishe, anayeshika fedha kila siku. Kwa mahindi ni kausha damu, hata kama anayekukopesha ni mtu mwema. Tena kwa kuwa unarudisha mtaji kila wiki, kwa wastani unabaki na nusu tu ya fedha uliyokopa, ilhali riba unailipia yote.

Ulizia mkopo wa msimu, unaolipwa baada ya mavuno. Upo. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitoa unafuu kwa benki zitakazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka, na Benki ya Maendeleo ya Kilimo, iliyoanza 2015, ina mfuko wa dhamana kwa wakulima wadogo, uitwao SCGS kwa kifupi, unaobeba sehemu ya hasara pale benki nyingine zinapomkopesha mkulima mdogo. Mtajie afisa mikopo mfuko huo kwa jina lake, usisubiri akueleze yeye. Lakini nisikudanganye: wa ekari mbili akienda peke yake mara nyingi ataambiwa arudi na chama. Nenda na AMCOS yako, yaani chama cha ushirika cha wakulima, au kikundi chenye usajili.

Na usikubali tarehe ya kulipa iangukie Julai. Mwezi huo kila mtu anauza, bei iko chini. Omba Septemba au Oktoba, kisha uhifadhi. Mimi natumia mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani. Unafunga kila tabaka peke yake, hewa inaisha, dumuzi anakufa bila dawa. Ila mahindi yawe makavu kweli. Chukua chupa kavu, tia mahindi robo na kiganja cha chumvi kavu, tikisa, iache dakika chache. Chumvi ikinata ubavuni, rudisha mahindi juani. Mwaka mmoja jirani yangu aliruka hatua hii, akafungua mfuko Desemba na kukuta ukungu mtupu.

Jambo lililonisaidia kuliko benki zote ni kuhamisha siku ya kuvunja kikoba, yaani siku ya kugawana akiba ya kikundi chetu. Tulikuwa tunavunja Desemba 20. Fedha inaingia nguo za sikukuu, Januari inaingia sare na madaftari, na shamba linabaki linakopa. Nilipopendekeza tuvunje mwishoni mwa Oktoba, mama mmoja mtu mzima alikataa katakata: wajukuu watakula nini Krismasi? Tulibishana mikutano mitatu. Mwisho tukakubaliana kila mmoja aweke elfu mbili za ziada kila wiki kwenye bahasha ya sikukuu, ndani ya sanduku lilelile la kufuli tatu. Oktoba ya kwanza sanduku lilipofunguliwa, yule mama alihesabu fungu lake mara mbili, akaninong'oneza, "Mwanangu, twende dukani sasa hivi kabla sijafika nyumbani." Akanunua mifuko miwili ya mbolea ya kupandia, kwa fedha taslimu, bila deni la mtu.

Kikundi kikishakaa vizuri, kisajilini. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka hivyo hata kwa vikoba, tunahesabiwa daraja la nne. Usajili ndio unaowafungulia pia mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Huko nako andikeni kwenye maombi kwamba mtaanza kulipa baada ya mavuno. Msipoandika mtapangiwa ratiba ya biashara ya duka.

Na wewe dada unayelima ardhi iliyoandikwa jina la mume peke yake: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakupa haki sawa na yake ya kumiliki. Zungumzeni nyumbani kwa utulivu, mwende ofisi ya kijiji hati ya hakimiliki ya kimila iandikwe majina mawili. Mimi ilinichukua msimu mzima kulisema. Alipokubali, aliuliza tu mbona sikusema mapema.