Cheti cha visa si bima ya safari ya meli

Swali: Mwezi wa tisa nataka kuwapeleka wazazi wangu safari ya meli ya kitalii, siku saba kutoka Barcelona: Marseille, Genova, Napoli, Palermo, La Goulette kule Tunisia, kisha kurudi Barcelona. Mama ana miaka 71, ana presha na sukari. Baba ana 74, yeye hana neno. Wakala mmoja hapa Kisumu ananiuzia cheti cha bima cha yuro 30,000 kwa shilingi 3,500 kila mmoja, na amesema pale penye swali la magonjwa tuandike "hapana" ili bei isipande. Je, kinatosha, ama ninunue ile bima inayouzwa na kampuni ya meli? Binti yao, Kisumu.

Jibu: Hakitoshi, dada yangu. Na hilo la kuandika "hapana" nitalifikia, kwa sababu ndilo baya kuliko yote.

Hiyo yuro 30,000 haikupangwa na mtu aliyekaa akapiga hesabu ya mgonjwa wa kiharusi baharini. Ni kiwango cha chini kabisa ambacho kanuni za visa za Schengen, ile visa moja ya nchi nyingi za Ulaya, zinadai ili ombi lako lipokelewe: matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani ukiwa mgonjwa au maiti. Anayekagua ombi huangalia jina kama linalingana na la pasipoti, tarehe kama zinafunika safari nzima, eneo, na hiyo namba. Basi. Hapimi kama kuna mtu atakayepokea simu yako saa nane usiku. Soko limeshalielewa hilo, na sasa kuna vyeti vilivyoshonwa kwa kipimo cha dirisha la ubalozi. Vikishapita hapo vimemaliza kazi. Cheti ni ukurasa mmoja. Bima yenyewe iko kwenye kijitabu cha masharti, ambacho wauzaji wengi wa vyeti hawajawahi kukifungua.

Chukua ratiba yenu uiweke kando ya hicho cheti. La Goulette ni bandari ya Tunis, na Tunisia haimo kwenye Schengen. Kama mstari wa eneo unasema "Schengen" peke yake, Mama akiteleza kwenye ngazi za soko la Tunis, siku hiyo hana bima. Mnahitaji iliyoandikwa "dunia nzima", au angalau inayotaja nchi zote za ratiba na muda wa kuwa baharini. Ile ya "dunia nzima isipokuwa Marekani na Kanada" ni nafuu na kwa njia hii yafaa. Kwa meli za Karibi zinazoanzia Miami haifai hata kidogo. Na visa iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Meli ikitoka Palermo kwenda Tunisia, wazee wametoka Schengen. Ikirudi Barcelona, wanaingia upya. Wenye visa ya kuingia mara moja wanaweza kukataliwa siku ya kwanza, kwenye kaunta ya kupandia, na usitarajie bima ilipe kosa la hati.

Halafu kuna zahanati ya meli. Watu hudhani daktari wa meli amelipiwa ndani ya tiketi, kama chakula. Hapana. Ni huduma ya kulipia, bei zake ni za dola au yuro, na bili huingizwa kwenye akaunti ya kabini, ile iliyounganishwa na kadi yako ya benki siku ya kupanda. Kwa kawaida hawaandikiani na kampuni yako ya bima: unalipa kwanza, unadai baadaye. Kwa hiyo kadi iwe na nafasi ya kutosha, na kabla ya kushuka dai bili iliyochanganuliwa dawa kwa dawa, kipimo kwa kipimo, pamoja na ripoti ya daktari yenye sahihi. Risiti ya jumla iliyoandikwa "matibabu" hukwamisha madai.

Zahanati yenyewe inaweza kupima moyo, kupiga picha ya eksirei, kuendesha vipimo vichache vya damu, kuweka dripu na oksijeni. Kazi yake ni kumtuliza mgonjwa hadi bandari inayofuata. Upasuaji mkubwa au kulaza mgonjwa mahututi siku tano, hapo si mahali pake. Mgonjwa akiwa mzito hushushwa, na meli inaendelea na safari.

Tuseme basi Mama ameshushwa Palermo na kiharusi. Hospitali ikitaka dhamana ya malipo kabla ya kuendelea, kampuni ya bima iitume kwa saa chache, si baada ya siku tatu. Wewe au Baba mtabaki naye: hoteli, chakula, tiketi mpya za kurudi, maana zile za Barcelona zimeshapotea. Siku daktari akisema anaweza kusafiri lakini hawezi kukaa, anahitaji machela ndani ya ndege ya abiria. Machela hula nafasi ya viti sita au zaidi, na vyote vinalipiwa. Kuna muuguzi au daktari wa kumsindikiza, naye ana tiketi ya kwenda na kurudi. Kuna oksijeni ambayo shirika la ndege hutaka kuipanga mapema. Kuna ambulensi huku na kule. Ikihitajika ndege maalumu ya wagonjwa, au helikopta ya kumtoa melini, hesabu ya makumi ya maelfu ya dola ni ya kawaida. Na jambo dogo ambalo hakuna anayeliuliza: "nyumbani" kwenye mkataba ni wapi? Nairobi au Kisumu? Kama ni uwanja wa Jomo Kenyatta, safari ya kutoka Embakasi hadi Kisumu na mgonjwa wa machela ni juu yako.

Kwa wazee wa umri huo mimi singeshuka chini ya dola 100,000 za matibabu. Uhamisho wa mgonjwa na kurudishwa nyumbani uwe na fungu lake peke yake: ama dola 250,000, ama mkataba useme "gharama halisi". Fungu hilo likiwa ndani ya yuro 30,000 zile zile, hospitali ikila 25,000 umebakiwa na 5,000 za kumrudisha mtu. Tazama pia kile kiasi cha kwanza unachobeba mwenyewe kwa kila dai. Kwenye bima za bei ya kutupa ndipo ujanja hufichwa.

Sasa hilo la "hapana". Wakala anayekwambia ufiche ugonjwa hakupunguzii bei. Anakuuzia karatasi isiyolipa. Bima husimama juu ya nia njema kamili: unayoyajua wewe, kampuni iyajue kabla ya kupokea pesa. Wengi hujipa moyo kwamba Wazungu watajuaje. Watajua kwa Mama mwenyewe. Daktari wa meli akimuuliza anatumia dawa gani, atafungua mkoba atoe amlodipine na metformin, na mstari wa kwanza wa ripoti utasomeka kwamba mgonjwa ana presha na sukari kwa miaka kadhaa. Ripoti hiyo hiyo ndiyo utakayoiambatisha kwenye madai. Kampuni itaomba faili lake la kliniki ya huku Kisumu, itaiweka kando ya fomu yenye "hapana", na barua ya kukataa itakuwa fupi. Wakala hatakuwepo, maana sahihi iliyo kwenye fomu si yake.

Tena bei yenyewe inanitia shaka. Kwa umri wa 71 na 74 kampuni nyingi huongeza ada, nyingine huwa na ukomo wa umri. Ukikuta ada ya mzee ni sawa na ya kijana, kagua tarehe ya kuzaliwa iliyochapwa kwenye cheti. Tarakimu moja ikibadilishwa, bei hushuka vizuri sana.

Fanya hivi. Andika magonjwa yote, dawa na vipimo vyake, upeleke kwa kampuni, uulize kwa barua pepe: presha na sukari zimekubaliwa kikamilifu, kwa kiasi fulani tu, au zimetolewa? Mikataba mingine hulipa tu dharura ya kuokoa maisha kwa ugonjwa uliokuwepo, tena kwa fungu dogo; mingine haigusi kabisa. Jibu lije kwa maandishi na liingizwe kwenye hati. Uliza pia muda wa utulivu, yaani dawa ziwe hazijabadilishwa kwa siku ngapi kabla ya safari. Hapa ndipo wenye nia njema huanguka: wiki mbili kabla ya kuondoka wanampeleka Mama kliniki "akaangaliwe mara ya mwisho", daktari anaongeza dozi, hakuna anayeijulisha kampuni. Dozi ikibadilika, mtumie wa bima ujumbe siku hiyo hiyo. Usimzuie Mama kutibiwa kwa ajili ya bima.

Bima ya kampuni ya meli? Isome kwanza kama inauzwa kwa mkaazi wa Kenya, maana nyingi zimefungwa kwa wakaazi wa nchi fulani. Hata ikikubalika, mara nyingi inalinda tiketi ya meli tu na kuziacha ndege zako, na fidia ya kufuta safari inaweza kuja kama salio la safari nyingine badala ya pesa. Kadi ya matibabu ya kazini nayo usiitegemee bila barua inayosema italipa huko. SHA, ile bima ya afya ya serikali ya Kenya, haiwafuati baharini.

Kuhusu kuchelewa meli nitasema kwa ufupi. Meli haingoji. Fidia ya kukosa kupanda hutaka uonyeshe ulijipa muda wa kutosha, kwa hiyo ndege ya asubuhi kutoka Kisumu, kuunganisha Nairobi, na kutua Barcelona siku ile ile ya kupanda, ni kujichongea. Anayetoka Nakuru kwa gari aikumbuke foleni ya Gilgil hadi Limuru. Kampuni itaiita uzembe. Fikeni siku moja kabla.

Na hawa wauzaji wa vyeti kwenye saiba na WhatsApp wamezidi. Kabla ya kumpa yeyote shilingi, tafuta jina la kampuni na la wakala kwenye orodha ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, IRA. Lipa kwenye paybill ya kampuni, si kwenye namba ya simu ya mtu, kwa sababu ada ikiishia mfukoni mwa wakala kampuni inaweza kusema haijabeba hatari yoyote. Kisha pigia ofisi kuu, usome namba ya cheti, uwaulize kama wanaijua. Piga pia ile namba ya dharura ya saa 24, ukiwa bado Kisumu, siku ya Jumapili usiku. Isipopokelewa umejua unachonunua. Ukinunua, nunua mapema, mara tu unapolipa amana ya meli, kwani kinga ya kufuta safari huanza siku hati inapotolewa ilhali ya matibabu huanza mnapoondoka. Kunyimwa visa kwa kawaida hakumo. Kampuni nyingi zitarudisha ada ya bima ukionyesha barua ya kukataliwa, pengine wakikata kidogo, lakini nauli ya meli hairudi kwa njia hiyo. Tafuta nauli inayorejeshwa mpaka visa itoke.

Baba naye apimwe presha na sukari mwezi huu, kabla ya fomu kujazwa. Mzee wa miaka 74 ambaye "hana neno" mara nyingi ni mzee ambaye hajapimwa.