Bora Seva ya Mshikaji Kuliko Kubembeleza Mashine

Juzi kuna dada kanitumia meseji, anapiga picha za harusi kama mimi, akaunti yake ya kuhifadhia mafaili imefungwa ghafla na ndani kuna harusi ya mteja ambaye hajakabidhiwa kitu, anauliza afanyeje. Pole sana dada yangu, yalinikuta. Jina la kampuni silitaji, ni kubwa tu. Nilijaza fomu nikajibiwa na mashine, nikajaza tena, mashine ileile, eti nimekiuka masharti, masharti gani hawasemi. Huku bibi harusi ananipigia asubuhi kabla hata sijapiga mswaki. Ofisi ya kwenda kugonga mlango hamna, namba ya kupiga ukafoka hamna. Mpaka leo nikikumbuka nachukia.

Sasa hivi kazi zangu zote ziko Sinza, chumbani kwa mshikaji niliyesoma naye. Seva yake, yaani kompyuta inayotunza mafaili na kuyatoa kupitia intaneti, ni laptop kuukuu kioo kimepasuka, kaichomekea diski kubwa mbili za nje, betri yake bado inashika kidogo umeme ukikatika. Ndani kaweka Nextcloud, ile programu ya bure ya kuhifadhi mafaili kwenye mashine yako mwenyewe, iliyozaliwa 2016 pale Frank Karlitschek na wenzake walipojitoa ownCloud, kampuni ya programu kama hiyohiyo. Kwenye simu unaona mafolda yako kama kawaida, mteja unamtumia linki anashusha picha zake, hajui hata ziko wapi. Palipotusumbua ni intaneti, maana mitandao yetu ya simu inawapa wateja kibao anwani moja ya kuchangia, mtu wa nje hawezi kupiga hodi moja kwa moja kwenye laptop ya mtu. Ikabidi tukodi kaseva kadogo nje ka kupitishia tu, WireGuard, programu ya kuunganisha mashine mbili kwa njia ya siri, ikakaunganisha na laptop. Ndiyo, hapo kuna kampuni tunailipa, ila mafaili hayalali kwao.

Mtaniambia rafiki atakuangusha. Ni kweli seva ishawahi kuzima, LUKU iliisha na mwenyewe yuko msibani Tanga. Nikanunua umeme kwa simu, nikamtumia mdogo wake zile tarakimu 20, dogo akabonyeza kwenye mita, tukaendelea na kazi. Facebook, WhatsApp na Instagram zilipozima tarehe 4 Oktoba 2021, karibu masaa sita, wewe ulimnunulia nani umeme?

Ila jamani tusiwanyonye washikaji. Changia hela kila mwezi, hata kama ni ya LUKU na bando, na utoe kabla hujaombwa. Watu mko radhi kuilipa kampuni ya Marekani kwa dola bila kunung'unika, halafu rafiki akisema diski imejaa mnakuwa wakali, mnataka vya bure vya milele. Chagueni mtu ambaye mnaweza kugombana leo na kesho mkasalimiana. Nywila kuu ajue na mtu wa pili, maana mtu anaugua, anasafiri, anaoa. Na nakala nyingine ikae nyumba nyingine, mimi yangu iko kwa shangazi, ndani ya kabati la vyombo.

Halafu kuna suala la siri ambalo watu wanaona aibu kulisema. Mwenye seva akitaka kuangalia picha zako ataangalia, urafiki hauzuii. Kwa hiyo za wateja wasiotaka kuonekana nazifunga kwanza na Cryptomator, programu ya kufungia mafaili kwa nywila, ndo nazipandisha. Tena mshikaji mwenyewe ndo alinifundisha hiyo, wala hakununa.