Kwa aliyeuliza kuhusu CV, Mbeya

Mdogo wangu, umesema una diploma ya kilimo, unatuma CV moja kila mahali na huitwi. Shida ni hiyo. Kampuni ya parachichi Njombe na shamba la chai Mufindi hawatafuti mtu wa aina moja. Soma tangazo vizuri, halafu yale wanayoyataka uyapandishe juu kabisa ukurasa wa kwanza.

Na usiandike tu "nilifanya mafunzo kwa vitendo." Ulihudumia wakulima wangapi? Ekari ngapi? Mlipambana na ugonjwa gani, na mavuno yalikuwaje? Shamba la mzee kule Tukuyu nalo ni uzoefu, kama kweli ulilisimamia (wewe, siyo kibarua). Namba za kubuni achana nazo, kwenye usaili zitakuumbua.

Dini na hali ya ndoa, futa. Kurasa mbili zinatosha. Wadhamini uwapigie kabla hujawaandika.

Serikalini ni njia nyingine: unaomba kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, na barua ya maombi usisahau kuisaini. Kwa kampuni binafsi, msimu ukikaribia usisubiri tangazo, nenda ofisini kwao asubuhi na bahasha yako.