Giza la picha hupangwa kwa taa: niliyojifunza nikipiga picha za mwili mtupu

Picha zangu za kwanza za sanaa ya mwili mtupu, zile za mtindo wa giza, zilikuwa na kasoro mbili kwa mpigo. Bega la mwanamitindo liliungua likawa jeupe pe, na kitambaa cheusi nyuma yake kikageuka kijivu. Niliiachia kamera ipime mwanga yenyewe. Kipimo chake huchukulia kwamba ukijumlisha yote yaliyomo kwenye fremu utapata kijivu cha wastani, kwa hiyo kikikutana na fremu iliyojaa weusi huongeza mwanga mpaka weusi upotee. Kikao kilichofuata nikashusha eksposha, yaani kiasi cha mwanga kinachonaswa, kwa stopu mbili nzima (kila stopu moja chini hupunguza mwanga kwa nusu). Ngozi ikapauka kama majivu, na nilipojaribu kuiinua kwenye kompyuta, vivuli vikajaa chengachenga.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba picha ya giza si picha iliyonyimwa mwanga. Ngozi inayoguswa na taa ipate eksposha yake kamili. Giza litoke pale ambapo taa haikufika.

Siku hizi naanza na taa zikiwa zimezimwa. ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, shata sekunde 1/160, tundu la lenzi f/8, kisha napiga picha moja ya chumba kilivyo. Ikitoka nyeusi tii, najua kila kitakachoonekana baadaye nimekiweka mimi. Ndipo nawasha flashi moja. Moja inatosha, na ningemshauri yeyote anayeanza asiguse ya pili kwa miezi kadhaa.

Kinachobeba kazi yote ni umbali: ukiongezeka maradufu, mwanga hubaki robo. Taa ikiwa mita 1 kutoka mwilini na ukuta ukiwa mita 4 kutoka kwenye taa, ukuta unapata sehemu moja tu ya kumi na sita ya mwanga ule, yaani stopu nne chini. Hata ukuta mweupe utaonekana kijivu cha giza. Ila sheria hiyohiyo inakubana: mwanamitindo akiinama sentimita 30 kuelekea taa iliyo mita 1, mwanga unaomwangukia unakaribia kuongezeka maradufu. Kila mkao ukibadilika, angalia tena.

Taa naiweka ubavuni, nyuma kidogo ya mwili, ili mwanga uparaze ngozi. Ikitoka mbele, mgongo unakuwa bapa kama ubao. Ikiparaza, unaona bonde la uti wa mgongo, mbavu, na ukingo wa nyonga. Softboksi (kasha la kitambaa linalolainisha mwanga wa taa) nyembamba yenye gridi, yaani wavu wa vyumba vidogo mbele yake, huzuia mwanga usitapakae. Upande wa pili nasimamisha kitambaa cheusi karibu kabisa na mwili, kwa sababu ukuta wa rangi nyepesi hurudisha mwanga na kukuharibia kivuli.

Ngozi nyeusi naipenda sana katika mtindo huu, na inaniuma kuona ikipandishiwa eksposha mpaka ipoteze rangi yake. Umbo lake hujitokeza kwa mng'ao. Taa pana huuchora mng'ao huo kama utepe laini. Taa ndogo huacha madoa makali. Mafuta kidogo yanasaidia, mengi yanaharibu. Ngozi nyeupe nayo huungua mapema, kwa hiyo hapo napunguza nguvu ya flashi.

Histogramu, yaani grafu ya kamera inayoonyesha weusi kushoto na weupe kulia, ikilundikana kushoto usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Linda mwisho wa kulia, hasa rangi nyekundu, maana kwenye ngozi ndiyo hutangulia kuungua. Na piga RAW, faili ghafi la kamera lisilobanwa kuwa JPEG.

Mwanga unaoparaza hauna huruma. Alama za mpira wa nguo na vipele vya baridi huonekana vyote. Ndiyo maana tunakubaliana mapema, kwa maandishi na kati ya watu wazima, kisha namwomba mwanamitindo avae nguo zisizobana saa moja au zaidi kabla ya kuanza, na chumba nakipasha joto. Taa nazijaribu kwa mkono wangu mwenyewe, yeye akiwa bado amejifunika. Si haki mtu asimame mtupu ukihangaika na stendi.

Kwenye kuhariri, punguza mwangaza wa skrini. Niliwahi kuchapisha picha iliyopendeza sana kwenye kompyuta, karatasi ikameza nusu ya mgongo. Tangu hapo nakala ya kuchapisha naiinulia vivuli kidogo, na natoa kipande kidogo cha majaribio kwanza.