Redio ya mzee na herufi ya tano

Swali lenu la wiki iliyopita, kama jina la kampuni bado lina thamani kwa mtu anayenunua kifaa cha umeme, lilinikuta katika wiki niliyokuwa nikizunguka madukani kutafuta televisheni. Nilidhani ningejibu kwa neno moja, ndiyo, lakini kabla sijaandika nikaikumbuka redio ya marehemu baba.

Nyumbani kwetu Tabora, "National" halikuwa neno la Kiingereza. Lilikuwa neno la kuitia redio. Matsushita, Wajapani wenye jina hilo, walikuwa na kiwanda Dar es Salaam kilichotoa redio na betri, hivyo hatukuiona kama kitu cha ugenini. Baba, karani wa reli, aliifunika yake kwa kitambaa cheupe alichokifuma mama, na saa ya taarifa ya habari ya RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, ilipofika alikikunja mara mbili, akakiweka magotini, na hapo hata kikohozi kiliomba radhi. Betri zikilegea tulizianika juani, zikatupa siku mbili tatu za nyongeza.

Mwaka 2003 redio hiyo ilikata kauli, nami nilikuwa nimepokea mshahara wangu wa kwanza mjini. Nikaenda Kariakoo, nikaonyeshwa redio yenye jina lile lile, au hivyo ndivyo nilivyosoma. Muuzaji akaniwekea mkononi na kusema, "Sikilizia uzito huo, kaka, hii siyo ya kuigiza." Nilisafiri nayo kwa treni nikiwa nimeipakata kama mtoto. Baba alivaa miwani, akalifuata jina kwa kidole herufi kwa herufi, akasita kwenye ya tano, akarudi mwanzo, akasita pale pale. Hakusema kitu. Alimwomba mama kitambaa, akaifunika.

Ilidumu miezi minne. Fundi wa sokoni alipoifungua, tulikuta chini ya spika kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi, hakikuguswa na waya hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kuwa kizito, basi. Aliyeitengeneza alijua vitu viwili ambavyo wazee wetu waliviamini, jina na uzito, akatuuzia vyote viwili. Mimi nilitaka kurudi Kariakoo kugombana. Baba alikichukua kile chuma, akakifanya kizuizi cha mlango wa jikoni, na kilifanya kazi hiyo vizuri kuliko redio ilivyofanya yake.

Tangu hapo nikajiapiza kununua jina halisi tu. TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilipozifungia simu bandia Juni 2016, nilikuwa nimekwisha kutuma namba ya utambulisho wa simu yangu (IMEI) kwenda 15090, nikajibiwa kuwa ni halisi, na nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Ila sasa ninapoandika, najiuliza halisi maana yake nini. Televisheni za Philips zinazouzwa sehemu kubwa ya dunia zinatengenezwa na kampuni nyingine, TPV, kwa leseni. Za Toshiba zimo mikononi mwa Hisense ya China tangu 2018. Jina la Nokia kwenye simu lilikodishwa kwa kampuni nyingine, HMD, mwaka 2016. Aiwa, jina la vifaa vya muziki ambalo Sony ililizika mwaka 2006, lilifufuliwa mwaka 2017 na watu wengine kabisa. Jina linapangishwa kama chumba, na mpangaji hana undugu na aliyejenga nyumba. Wakati huohuo Tecno, tuliyoicheka kwamba ni simu ya Mchina, imejipatia jina lake mbele ya macho yetu, na vipuri vyake vinapatikana kwa kila fundi mwenye meza kando ya barabara. Kwa simu, basi, jibu langu limegeuka: namuuliza fundi kwanza, kisha ndipo nasoma jina.

Kwa televisheni siwezi kusema hivyo, kwa sababu kioo kikipasuka, bei ya kingine inakaribia ya televisheni mpya, na fundi hana la kunisaidia. Jumamosi nimenunua yenye jina kongwe, nikijua fika kwamba waliolijenga hawamo ndani, na nikalipa zaidi. Kabla ya kutoa fedha nililisoma jina kwenye boksi kwa kidole, herufi kwa herufi, kijana wa kaunta akinitazama kwa huruma, kisha nikainyanyua kidogo. Ilikuwa nyepesi mno, nikaingiwa na wasiwasi.