Kabla ya kuuliza wingleti iko wapi, pima bawa

Ukisimama karibu na Boeing 787 ya Air Tanzania au ya Kenya Airways, tazama ncha ya bawa. Hakuna wingleti, kile kipande kinachosimama wima kwenye ncha ya bawa. Ncha inazidi kuwa nyembamba huku ikilala kuelekea nyuma. Wanafunzi wapya wa uhandisi wa ndege hudhani kuna kitu kimesahauliwa, na mimi huwaambia waanze na hewa.

Chini ya bawa kanieneo ni kubwa, juu ni ndogo. Kwenye ncha, hewa ya chini huponyoka ikapanda juu, ikawa kimbunga kidogo ambacho ndege hukiburuta nyuma yake safari nzima. Kukiburuta ni kuchoma mafuta. Njia bora ya kupunguza hasara hiyo ni kurefusha bawa. Wingleti hutumika zaidi pale bawa lisipoweza kurefushwa.

Kinacholizuia mara nyingi ni uwanja wa ndege. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinavyogawa ndege kwa upana wa mabawa, ndege za kundi C lazima ziwe chini ya mita 36 kutoka ncha hadi ncha, na za kundi E chini ya mita 65. Airbus A320 yenye wingleti kubwa ina mita 35.8: imebanwa kabisa, haina pa kwenda ila juu. Boeing 787-8 ina takriban mita 60, kwa hiyo wabunifu walikuwa na nafasi ya kunyoosha ncha. Boeing 777X ina karibu mita 72, na ikishatua hukunja ncha zake ili ibaki chini ya 65.

Kwa hiyo ukikabidhiwa mchoro wa ndege usiyoijua, tafuta kwanza mita hizo, kisha uliza hukaa angani kwa muda gani kila safari. Swali la pili wengi hulipuuza, nami naliona zito kuliko wanavyodhani. Wingleti ina uzito wake, tena hulipinda bawa zaidi pale linapoungana na kiwiliwili, hivyo lazima liimarishwe. Gharama hiyo hurudi kwa saa nyingi angani. Boeing 747-400 ilijulikana kwa wingleti zake, lakini 747-400D, iliyoundwa kwa safari fupi za ndani ya Japani, haikuwekewa.